Gama, Nitawarudisha Panya Wako

Gama, mtani wangu, mla panya,

Shikamoo hupati hata ukiwa kaburini; Mhehe hamwamkii Mngoni. Nimepata nafasi chuoni ya kusomea udaktari wa panya, ule ule uliokuwa ukiusomea. Msimamizi ni yule yule.

Njoo tupige hesabu. Duka la pembejeo hapa Mikumi nimelianzisha na meza moja pale stendi. Miaka minne ya kusoma ni misimu minne ya mbegu, funguo za duka anazo mtu mwingine. Baba Neema anasema, "Mama Neema, duka linatulisha. Huo udaktari utatulisha panya?" Nilicheka, halafu nikanuna. Wewe ungemjibu.

Kibaya zaidi ni shikamoo. Kila asubuhi nimwamkie yule mzee, msimamizi wako, naye aitikie marahaba kwa kinywa kile kile kilichomeza kazi yako. Misimu mitatu ulitega panya kwenye mahindi ya Chanzuru na Masanze, nami nikikushikia mizani na kukutania kwamba Mngoni anapima kitoweo. Mzee akaichapisha kazi hiyo kwa jina lake peke yake. Ukaniambia, "Tulia, Mhehe. Siku ya kutetea tasnifu yangu nitasema mbele ya wote." Lori la barabara kuu halikukungoja.

Msibani kwenu Kilosa nikasema mimi. Nililala njiani mbele ya jeneza: "Haliendi makaburini mpaka mwizi wa panya arudishe panya wa marehemu!" Nikamnyooshea mzee kidole. Watu wakacheka wakashika mbavu. Na yeye akacheka, Gama! Akanichomekea noti, "Haya mtani, tupishe," akapita msafi kabisa. Nani anamshtaki mtu kwa maneno ya mtani? Nilisema kweli mahali ambapo kweli ni kichekesho. Noti ile niliinunulia sukari ya matanga, na chai bado ilikuwa chungu.

Sasa upande wa pili wa mizani. Siku ya kutetea tasnifu hakuna utani. Kila takwimu inaulizwa imetoka kwa nani. Vipimo vyako ninavyo; ulinitumia mwenyewe nikukagulie hesabu, na tarehe zake zipo. Nitaanzia ulipoishia, na chini ya kila jedwali la kazi yako litakaa jina lako. Tasnifu haipiti bila saini ya msimamizi. Akigoma, ataulizwa kwa nini. Akisaini, amekiri.

Hasara ni nyingi, nimezijumlisha mara mbili. Faida ni hiyo moja, na inatosha.

Jumatatu nakwenda kuripoti. Nitamwamkia kwa kupiga goti, tena nikitabasamu. Acha azoee.

Lala, mla panya. Mtani halii msibani, na mimi sijalia mpaka leo. Siku atakayoweka saini nitakuja hapo kaburini, nikucheke kwanza, ndipo nilie.

Mhehe wako,
Mama Neema