Nani Anampigapiga Mtoto?

Chumba cha nyuma, nyumbani kwetu,
Jumapili, tarehe 12 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili hii hapa, ni ya mjukuu wako, maana yeye bado hajajua kuisema na mimi ndiye msemaji wake. Goti lako la kulia linaendeleaje? Na sauti je? Naomba iwe haijapungua hata chembe, utaona sababu huko mbele. Sisi huku wazima. Mimi ndiyo usiseme, nimezidi kupendeza, siku hizi watu wanaleta kibandani simu ambazo hazijaharibika ili wanione tu.

Dada alitaka kuandika yeye. Nikamwambia anyonyeshe, barua hii inataka mtu wa kalamu. Najua unacheka. Mimi na shule tuliachana mapema, lakini hatukugombana.

Haya mambo uliyapata kwa simu vipande vipande, mtandao ukikatika kila ulipoanza kufoka. Sasa nakupa yote.

Mtoto alizaliwa asubuhi akiwa amechoka, hakulia. Wakampulizia hewa kwa kile kifuko cha kubonyeza mpaka akakohoa na kutoa kasauti kama simu inayoishiwa chaji. Daktari akamkagua, akamkuna nyayo, akamvutavuta mikono, kisha akatuambia ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa na umeumia kidogo. Akataka mtoto awekewe waya kichwani mapema, saa ileile, waone ubongo unafanya nini huko ndani.

Sisi tulisikia neno moja tu: kidogo. Shemeji yangu mwokaji mikate akasema kama ni kidogo, ya nini kumfunga mtoto waya kama redio, twende zetu nyumbani. Dada alikuwa hoi, akaitikia. Hata mimi nikaitikia. Mtoto alikuwa ametulia, hasumbui mtu, tukamsifu kuwa ni mpole kama mama yake, jambo ambalo lilikuwa uongo pande zote mbili.

Ndipo ukapiga wewe. Nikaweka spika, ingawa kwako haikuhitajika.

"Kidogo ya daktari siyo kidogo ya chumvi," ulisema. "Mtoto hatoki hapo mpaka wajue."

Shemeji akakaa chini. Hata mume wa mama wa kitanda cha pili alikaa chini, na maneno hayakumhusu.

Basi wakamwekea. Vijiwaya vyembamba vimebandikwa kichwani, na mashine pembeni inachora mistari kwenye kioo. Nesi wa zamu, mama mmoja anayeongea polepole kama anahesabu maneno, akaanza kutueleza. Nikamwambia asijichoshe, hapa kuna fundi. Mstari ulipoanza kurukaruka nikatangaza kwamba waya umelegea. Nesi hakuangalia waya wowote. Aliangalia mkono wa shemeji. Shemeji alikuwa anambembeleza mwanawe, anampigapiga kama donge la unga, na mashine inachora mkate. Nesi akasema kumpigapiga mtoto kunaweza kuonekana kwenye kioo kama degedege, mashine peke yake inaweza kudanganyika. Tumguse tutakavyo, ila mkono utulie.

Kuanzia hapo nikajipa uaskari wa mikono. Mstari ukiruka tu, nauliza nani anampigapiga mtoto, na kila mara ni shemeji. Mkono wake una akili zake, hauulizi mtu. Dada alicheka mpaka akashika tumbo, akaniambia ninyamaze, anaumia.

Mchana, wakati wa kuona wagonjwa, mstari ukaruka tena. Safari hii kwa mpangilio, unapanda, unapanda. Nikauliza bila hata kugeuka.

"Shemeji, nani anampigapiga mtoto?"

"Mikono yangu hii hapa," akasema.

Nikageuka. Mkono mmoja ulishika chupa ya chai, wa pili vikombe. Dada alikuwa amejilaza, shuka mpaka kidevuni. Hakuna aliyemgusa mtoto. Na mtoto mwenyewe alikuwa amelala vilevile, mzuri, hata kidole hakitikisiki. Mstari tu ndio unaoruka.

Nesi alikuwa ameshainuka. Mimi nasema nilimwahi, yeye anasema alikwishaona kabla sijafungua mdomo. Tumekubaliana sare, lakini wewe jua nilishinda. Daktari akaja. Lilikuwa degedege la ndani, lile lisilotikisa mwili. Wakampa dawa, na kwa kuwa muda wa kumsaidia ulikuwa haujapita, wakamlaza kwenye godoro la baridi ili ubongo upumzike.

Dada akamuuliza daktari, je, kama tungekuwa tumeshakwenda nyumbani?

"Mngesema mna mtoto mpole," daktari akajibu.

Shangazi, maneno makali nimeyasikia, mengi ni yako. Lakini hilo lilinimalizia utani wote. Nilitoka nikaenda koridoni, nikajifanya natafuta mtandao.

Siku tatu za baridi ndizo zilizotukomesha. Mtoto wa baridi kama soda, na huruhusiwi kumfunika. Dada aliweka kidole kimoja kwenye kiganja chake. Shemeji alikalia mikono yake. Sikutanii, aliikalia. Kisha wakampasha joto taratibu, na nesi akatuita tuone mstari unavyopanuka na kusinyaa kwa raha zake. Akasema hivyo ndivyo ubongo wa mtoto unavyoandika usingizi na kuamka. Sikuelewa yote, ila nilimfafanulia yule mume wa kitanda cha pili kama mtu aliyesomea.

Picha ya kichwa imetoka nzuri. Daktari hakuapa, amesema tumrudishe kliniki mpaka atembee na aongee. Tutamrudisha. Kwa sasa ananyonya kwa fujo na kulia kwa sauti aliyoirithi kwa mtu ambaye sitamtaja.

Unanijua, siwezi kusema ahsante bila kuitia mzaha. Hii ichukue bila mzaha: ahsante, Shangazi. Simu yako ikiita siku hizi tunagombania kupokea.

Nisalimie mumeo Babu Redio, na binamu yangu mshonaji, mwambie mimi bado mzuri kumshinda. Mungu akupe goti jipya, sauti akuachie hiyohiyo.

Mwandiko usiushangae, naandika kwa mkono mmoja. Tuliporudi nyumbani kila mtu aliendelea kumgusa mtoto kwa mkono uliotulia, hata shemeji, mpaka jana nesi wa kliniki akatucheka. Akasema waya zilishatoka, mpigepigeni mtoto wenu. Leo tumepanga foleni, na zamu yangu imekwisha zamani. Hii ninayompigapiga sasa ni zamu yako.

Wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako, yule mzuri