Zeolaiti Yangu Mpendwa

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo mimi ni mtu maarufu. Profesa Rahimu, mkuu wetu wa idara, ameniita "hazina ya taifa" mbele ya mpika chai. Sababu: plastiki tulizookota ufukweni Moa, tukazitia ndani ya bomba tanurini Ijumaa, zimetoa mafuta safi, mepesi, rangi ya asali! Kazi ya zeolaiti yangu — unga mweupe ninaoutengeneza kwa udongo, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Plastiki iliyoyeyuka ikipita humo inakatikakatika, inakuwa mafuta. Ndivyo ninavyoandika kwenye makala zangu. Ujana wangu wote umeingia kwenye vile vitundu. Mume hakuenea.

Wafadhili wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Profesa keshawaalika.

Jumanne, 6 Mei 2025
Uweso, mwenzangu wa maabara, alifunga mlango kwanza ndipo akaongea. Dalili mbaya.

"Dada Praxeda, usinipigie kelele."

"Sema."

"Ile Ijumaa... unga sikuweka. Umeme ulikatika, nikaenda kuswali. Niliporudi nikawasha tu. Leo nimelikuta kopo la unga halijafunguliwa."

Sikupiga kelele. Nilikaa chini. Mafuta ya hazina ya taifa yametoka kwenye bomba lisilo na unga hata chembe.

Alhamisi, 8 Mei 2025
Tumerudia. Bomba la chuma na unga: mafuta safi. Bomba la chuma bila unga: mafuta safi. Bomba la kioo na unga: nta, uji wa mgonjwa. Bomba la kioo bila unga: uji uleule.

Basi si unga. Ni bomba! Zamani nilianza na kioo bila unga, nikapata uji. Nikahamia chuma na unga, nikapata mafuta. Nikaushangilia unga, bomba sikulipa hata asante. Chuma chakavu cha fundi wa kuchomelea hapa mtaani Mabawa, ndani kutu tupu. Na kutu ndiyo kichocheo. Shahada tatu, nimeshindwa na kutu. Hongera, Dokta.

Ijumaa, 9 Mei 2025
Nimemwambia Profesa. Alinisikiliza kwa ule upole wa daktari wa meno. Akasema sayansi ina mambo mengi. Kwamba wageni hawasafiri kuja kuangalia kutu. Kwamba nimechoka, nipumzike. Kwa ufupi: nyamaza.

Kisha akauliza, hivi najua mkataba wa Uweso unaisha mwezi ujao? Najua. Najua pia kwamba Zuwena, mke wa Uweso, ana mimba kubwa. Asante kwa kunikumbusha, Profesa. Una huruma sana.

Jumapili, 11 Mei 2025
Mama kapiga simu kutoka Maramba. Shikamoo yangu hata hakuisubiri. Padri katangaza kanisani kwamba binti yake anageuza takataka kuwa petroli! Vigelegele. Sasa majirani wanauliza huo unga unauzwa wapi, na kama unafaa kwa trekta.

Nikamwambia, mama, huenda unga haufanyi kazi.

Akashusha sauti. Halafu: "Mambo hayo usiyaseme kwenye simu, mwanangu."

Kana kwamba Padri amekaa kwenye mnara wa simu.

Jumatano, 14 Mei 2025
Uweso kaniuliza leo: "Ukisema kweli, dada, mimi nitakula wapi?" Akachukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga. Mtu ambaye huaga hata paka.

Nimelia kidogo. Halafu nikaanza kuwaza kutu. Kutu! Pwani nzima imejaa, bure, haina haja ya kutengenezwa maabara. Kwa nini inakata plastiki vizuri vile? Nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Hakuna aliyeniambia kwamba kushindwa kunaweza kupendeza hivi.

Alhamisi, 15 Mei 2025
Naandika nikiwa stoo. Wageni wanakunywa chai ukumbini. Sambusa zikiisha, tunaingia maabara.

Hotuba ya Profesa ilikuwa unga, unga, unga. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kama tumewahi kujaribu bila unga. Profesa akacheka. Bila unga halitoki hata tone, mama! Sikuinua macho.

Sasa hivi Uweso ameingia, bomba mkononi, limeshashindiliwa plastiki. Hakunisalimia.

"Unga sijaweka," kaninong'oneza. "Waone wenyewe."

"Na Zuwena?"

"Zuwena ndiye aliyeniambia, nenda kaseme. Kusema siwezi, dada. Hivi ndivyo ninavyoweza."

Nilitaka kumwambia kitu. Keshakwenda kulifunga bomba tanurini.

Mlango unagongwa. Profesa. Anataka kopo la unga, autie kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wageni, wapigwe picha. Anauliza, Dokta, umeliona?

Nimelikalia.