Paka Wangu Anaishi Msikitini

Shangazi Virginia, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe ni la paka.

Niko kidato cha tatu hapa Kitengela na tunaishi na Mama katika ploti iliyopakana na msikiti. Mama ni muuguzi, kwa hivyo mimi hutoka shuleni nikakuta nyumba imefungwa, na mwaka jana paka mmoja wa kuzurura alianza kuningoja kwenye ngazi, mweupe mwenye alama nyeusi puani kama tone la wino, nikamwita Nukta, nikawa ninamsomea insha zangu kwa sauti naye anasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata darasani halijawahi kunitokea.

Januari, Odero, msimamizi wa ploti, alimkuta amelala juu ya nguo za wapangaji. Akaja mlangoni kwetu. "Wewe msichana wa vitabu, huyu paka ni wako?" Ploti yetu haitaki wanyama, na mimi mtu akinipandishia sauti maneno hukauka, nikasema, "Si wangu," na Shangazi, wakati huo Nukta alikuwa ameketi juu ya viatu vyangu. Odero akamfukuza kwa fagio, paka akaruka ukuta hadi upande wa msikiti.

Huko alipokelewa. Mzee Jeylani, anayefagia na kutandika mikeka, humpa maziwa ya ngamia, na watu wakija kuswali wanampisha apite. Wanamwita Bisad. Rafiki yangu Sadiyo, ambaye huswali pale, aliniambia maana yake ni paka tu kwa Kisomali, basi. Mimi humtazama kupitia matundu ya ukuta. Amenona. Siku moja alikuja karibu, nikapitisha mikono nikamfunga shingoni kengele ndogo ya mwana-mbuzi niliyoipata soko la mifugo Kajiado, ili niwe ninamsikia hata nikiwa ndani ninasoma, maana sikujua kwamba hawataki kengele msikitini.

Jioni hiyo hiyo akapita katikati ya watu waliosujudu, kengele inalia. Kesho yake Sadiyo alikuja shuleni hajiwezi kwa kicheko. "Walahi, Dolphine, watoto wa nyuma walicheka mpaka wakatolewa nje!" Akasema Mzee Jeylani ameifungua kengele, ameitundika msumarini kando ya viatu, na ametangaza kwamba mwenye kengele aje wazungumze. Kisha akaniangalia. "Si yako kweli?"

"Si yangu," nikasema.

Sasa ni wiki ya tatu. Mama amehamishwa Loitokitok na tutahama shule zikifungwa, na mimi kila jioni bado ninatazama ile ngazi kabla ya kufungua mlango, ninajua hayupo na ninatazama tu. Nimepanga kuingia uani wakati wote wameinama, nimweke Nukta kwenye begi la shule, niondoke. Je, kumchukua aliye wako kutoka nyumba ya ibada ni dhambi?

Dolphine, Kitengela

*

Dolphine mwanangu, sijakucheka. Ila begi la shule? Paka mzima? Utafika Loitokitok na mikwaruzo usoni, na paka mwenyewe amebaki njiani, Isinya.

Ndiyo, huo ni wizi. Na kumwibia mtu aliyeinama kuomba ni aibu juu ya wizi. Ulimkana paka mbele ya Odero. Hilo nakusamehe, mtoto wa mpangaji ana sauti gani mbele ya msimamizi? Lakini Sadiyo hakukupandishia sauti. Alikuuliza polepole, kama rafiki, na wewe ukamfungia mlango. Hilo ndilo linaloniudhi. Na yule mzee unayemwogopa, angetaka ugomvi angekuja kwa Odero siku ile ile. Ameweka kengele yako wiki tatu. Anakungoja, mama, kama paka alivyokuwa akikungoja.

Sasa nisikilize, kwa maana hili litauma. Usiombe urudishiwe Nukta. Amepata maziwa, mikeka, na watu wanaompisha njia. Wewe unampenda, najua, lakini huko uendako hata hujui kama mwenye nyumba anakubali paka.

Fanya hivi. Kesho mwambie Sadiyo ukweli wote, hata kama utatazama chini ukisema. Mwambie Mama pia, maana sidhani anajua kwamba kila jioni unaitazama ile ngazi kabla ya kufungua nyumba tupu. Kisha jifunge mtandio, uende na Sadiyo baada ya swala ya alasiri, msimame getini mpaka Mzee atoke. Msalimie, omba radhi kwa kengele, umwambie huyu paka ulimlea wewe. Omba ukae naye hapo uani. Atakuja mapajani au hatakuja. Paka hana adabu za kuagana. Ukilia, lia. Mzee yule amewaona watu wengi wakilia mahali pale na hatakuuliza kitu.

Nenda wiki hii, kabla hamjaanza kufunga vyombo.