Mafuta Yaliyopotea Njia ya Kibosho

Jumatatu, 7 Julai
Wanafunzi wanne leo. Baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi. Mmoja ameendesha kutoka Rau hadi mjini mguu ukiwa juu ya klachi. Nimemkemea. Miaka ishirini na mbili nafundisha udereva, sentensi ni ile ile: ukishabadili gia, mguu wa kushoto sakafuni. Ukiikalia klachi hata kidogo inateleza, injini inazunguka bure, mafuta yanakwisha na gari haliendi.

Jioni Rehema, mdogo wangu tunayeishi naye, amerudi na gari alilonunua. Anafundisha shule ya msingi Kibosho, anapanda huko kila siku. Gari la aina moja na langu, injini ukubwa ule ule. Tofauti moja tu: lake otomatiki, langu gia za mkono. Kabla hajavua viatu ameshasema linakula mafuta kidogo kuliko langu. Nimemcheka. Kicheko kibaya, cha mwalimu.

Alhamisi, 10 Julai
Ubishi siku ya tatu. Mimi nasema otomatiki inakunywa mafuta, kila dereva anajua. Yeye anasema hizo ni za zamani, za siku hizi zinajua zenyewe pa kubadili gia. Nimemwambia gari halijui kitu, anayejua ni mguu. Tumekubaliana kupima Jumamosi. Tenki zijae pomoni, tupande Kibosho na kushuka mara tatu, tujaze tena sheli ile ile, pampu ile ile. Kinachoingia ndicho kilicholiwa. Kila mtu peke yake, upepo wa matairi sawa.

Nina uhakika. Karibu namwonea huruma.

Jumamosi, 12 Julai
Lake lita saba. Langu lita tisa na nusu.

Nimemwomba mhudumu aangalie tena. Ameangalia. Tisa na nusu.

Sielewi. Nilitangulia, yeye nyuma yangu, mwendo mmoja. Sikukimbia. Njia mbovu ilikuwa mbovu kwa wote wawili. Kweli, kwenye mlima wa mwisho injini ililia na gari likawa zito, na kulikuwa na harufu ya kitu kuungua. Nilisema ni lile lori la ndizi mbele.

Sikula jioni. Ni watu wangapi nimewaambia uongo miaka yote hii?

Jumapili, 13 Julai
Nilimlazimisha turudie. Safari hii tumebadilishana. Nilitaka kuona gari lake likinishinda mimi mwenyewe ndani yake.

Lake, mimi nikiendesha: lita saba tena.
Langu, Rehema akiendesha: lita sita na nusu.

Nimekaa garini pale sheli mpaka wa nyuma yangu akapiga honi. Maana yake nilikuwa sahihi. Gia za mkono zimeshinda, kidogo, lakini zimeshinda. Nilipaswa kufurahi. Ila gari lile lile, njia ile ile, jana lilikula lita tatu zaidi. Kilichobadilika ni dereva. Rehema hajagusa gia za mkono miaka mitatu. Nilimfundisha mimi. Aliogopa milima.

Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 14 Julai
Fundi Elia amefungua gari. Ameniita nikaone. Sahani ya klachi imekuwa nyeusi, imeisha upande mzima. Tuliiweka mpya mwaka jana.

"Dada Zuhura," amesema, "huyo mwanafunzi wako anayekalia klachi, mwambie aache."

Nimesema nitamwambia. Nimetoka nje ya gereji nikasimama juani. Jumamosi garini hapakuwa na mwanafunzi.

Jumanne, 15 Julai
Gari bado gereji. Nimefundisha alama za barabarani ubaoni. Nina hasira na Elia, bila sababu. Mimi? Mguu wangu?

Jumatano, 16 Julai
Naandika ili nitulie.

Gari limetoka, klachi mpya. Somo la asubuhi lilikuwa la Mzee Lyimo, mkulima wa kahawa wa Kibosho. Miaka sitini na tisa, anajifunza udereva kwa mara ya kwanza kwa sababu mke wake hawezi tena kutembea hadi kanisani. Nimemwamkia, nimeshika usukani kumwonyesha namna ya kupanda mlima na gia ya pili. Yeye kando yangu, anatazama miguu, kama ninavyowaagiza wote.

Tulipofika juu akakohoa. "Samahani, Mwalimu. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi."

Nikamwambia hapana, uko sakafuni.

"Uko kwenye klachi," akasema taratibu. "Umekuwa pale tangu chini."

Nikatazama. Kiatu changu kilikuwa juu ya klachi, kimeikandamiza. Ningeapa msikitini kwamba kiko sakafuni. Nikakiondoa. Nilikiona kikishuka, nilikiona kikigusa sakafu. Sikuihisi sakafu.

Nimesimamisha gari kando ya migomba. Mzee alishuka, akaja upande wangu, akafungua mlango. Tumempigia Rehema simu, amekuja kutuchukua.

Nyumbani, barazani, nimevua kiatu. Soksi mbichi. Msumari mdogo usio na kichwa ulikuwa umepenya soli, ukabaki nyamani chini ya kidole kidogo. Pembeni nyama imegeuka rangi. Haukuwa wa leo. Rehema ameuchomoa kwa koleo huku analia. Mimi nilimtazama kama anachomoa msumari kwenye mguu wa mtu mwingine.

Natawadha mara tano kwa siku. Mara tano mkono wangu unapita juu ya mguu huo, haraka, macho yakiwa kwenye bomba. Sijaona.

Alhamisi, 17 Julai
Hospitali. Ni sukari. Iko juu sana, na daktari anasema si ya jana, ni ya miaka. Kiu ya mwaka mzima nilisema ni vumbi.

Daktari kijana, mpole. Amenilaza, ameniambia nifumbe macho. Ana uzi mgumu kama wa kuvulia samaki, anagusa nao nyayo. "Ukihisi, sema."

Nimesubiri. Mwishowe nikamuuliza ataanza lini. Akasema wa kushoto ameumaliza.

Wa kulia nilisema ndiyo mara nne. Amegusa mara kumi.

Nimemuuliza, na otomatiki je? Otomatiki haitaki mguu wa kushoto. Ameniangalia. "Breki unakanyaga kwa upi, mama?"

Ni swali ninalowauliza wanafunzi siku ya kwanza.

Nisiendeshe gari lolote kwa sasa, hilo ndilo alilosema. Nimebishana wiki nzima kuhusu lita mbili na nusu.

Ijumaa, 18 Julai
Wodini. Kidonda kimefika mfupani.

Nafikiria kitu kimoja tu. Watoto wa shule ya Rehema wanavuka barabara pale kona saa moja asubuhi. Nimepita pale nao wamejaa njia. Kwa miguu hii.

Jumatatu, 21 Julai
Wamekata kidole kidogo cha kushoto. Wanasema mguu umeokoka kwa tofauti ya siku chache tu. Ningechelewa hadi mwisho wa mwezi wangezungumzia goti.

Sijalia. Nimeshtuka mno, hata machozi hayaji.

Jumamosi, 2 Agosti
Nyumbani. Nimewapigia wanafunzi wote kumi na mmoja. Nimewaambia ukweli, kila mmoja, kwa mdomo wangu. Kumi nimewapeleka kwa mwalimu mwingine. Mzee Lyimo amekataa. Amekuja na mkungu wa ndizi kutoka kihamba chake, shamba la nyumbani kwake, na daftari. Anasema sehemu ya maswali ya mtihani atasoma hapa hapa, na mguu hauhitajiki. Tumesoma kwa saa mbili. Hajui kutofautisha kivuko na njia panda.

Kabla ya kuondoka amesema: "Niliogopa kukuambia siku ile. Mwanafunzi hamsahihishi mwalimu."

Nimemshukuru.

Jumapili, 10 Agosti
Mvua ndogo asubuhi. Sukari imeshuka. Dawa mbili kwa siku, viatu vipana, nisitembee pekupeku hata ndani.

Rehema amenipeleka kumwona mke wa Mzee Lyimo. Nilikaa kushoto. Sikumwelekeza popote, si kwenye kona wala kwenye mashimo. Anaendesha vizuri. Tumekunywa chai, bila sukari kwangu, na yule mama amenionyesha fimbo yake mpya.

Kila jioni lazima nyayo zitazamwe, na mimi siwezi kuinama vizuri bado. Rehema ameketi sakafuni na kioo cha mkono. Anafungua kila kidole, anakausha katikati kwa kitambaa, anahesabu kwa sauti.

Tisa. Vyote vizima.

Ameniuliza kama nimehisi kitambaa. Kwenye mguu wa kulia, kidogo.