Tawi Nililolitupa Njia Panda

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Huku tu wazima, ingawa uzima wenyewe wiki hii umekuwa wa kuponea chupuchupu. Shangazi anaendelea vizuri, nakuambia mapema ili usome ukiwa umetulia, usikimbilie simu kabla ya kufika mwisho.

Alhamisi tulikwenda kufyeka ile njia ya zamani ya wapagazi, kama kila kiangazi. Baba alitangulia, mimi nikafuata na fyekeo, Shangazi akaja nyuma na chakula na goti lake bovu. Ngazi za mawe bado zipo, zimelika katikati kwa nyayo za watu tusiowajua hata majina.

Asubuhi Baba alikuwa amenichokoza, eti nafyeka kama mtu anayejikuna. Unaujua mdomo wangu, lakini safari hii nilinyamaza nikanuna, nikawa nafyeka na kutupa kila kilichokuwa mbele yangu.

Pale njia panda, moja huambaa kando ya mlima na nyingine huteremka mtoni. Kawaida yetu unaikumbuka: anayetangulia hulaza tawi bichi kuziba njia mbovu, na anayefuata haligusi. Baba alililaza. Nami kwa hasira zangu nikaliokota, nikalitupa bondeni pamoja na takataka nyingine. Kisha nikapanda nikimfuata Baba, wala sikukumbuka kitu.

Huko juu tulingoja, Shangazi haji. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Tuliporudi njia panda, Baba alitazama chini akabadilika rangi. Nyayo za Shangazi zilikuwa zimeelekea mtoni.

Mdogo wangu, niliogopa sijapata kuogopa vile. Ukingo ulikuwa umemeguka, na Shangazi yuko chini yake, ameketi kwenye udongo usiozidi upana wa kiti, ameng'ang'ania mzizi, huku mabonge yakidondoka majini moja baada ya jingine. Baba alilala kifudifudi, mimi nikamkalia miguu. Mara ya kwanza mikono iliteleza. Mara ya pili tukampata.

Alipopata pumzi akasema, "Mlitaka kunirithi mapema? Mimi nina sufuria mbili tu." Nikacheka huku nalia.

Baba hakucheka. "Nilisahau kuziba njia," alisema. "Uzee umeniingia kichwani."

Jana nilimkuta akifunga zile ramani za njia alizochora miaka yote ile, ampe mwalimu jirani, kwa kuwa eti hafai tena kuongoza watu. Nilisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kisha nikakiweka kizingitini nikarudi jikoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina siku tatu tu na tayari pumzi zimeniishia.

Shangazi anakusalimu sana, na shemeji yako pia, na mapacha wanauliza utakuja lini. Mungu akutangulie kila uendako na akurudishe kwetu salama.

Bahasha hii siifungi. Baba ndiye anayekwenda posta kesho, na unajua hajawahi kupeleka barua yako bila kuisoma kwanza.

Ni mimi dada yako akupendaye.