Betri ndani ya boksi la zana

"Umezembea!"
"Nimezembea mimi? Nimekanyaga mpaka magoti yanalia!"

Ndugu yangu, hao ni mkunga na mjomba wangu, wanabwatukiana ndani ya chumba cha kujifungulia cha zahanati. Mimi nipo mlangoni, namjua mwenye kosa

Si ile baiskeli niliyoiunda ya kuwazalishia umeme? Siku ya kuizindua nilificha betri ya pikipiki kwenye boksi la zana, taa iwake hata mjomba akikanyaga kivivu. Waya wa dainamo sikuuunganisha. Yaani sikuuunganisha kabisa! Nilitaka tucheke kidogo, halafu niwaambie

Taa ilipowaka, watu wakapiga vigelegele. Mjomba akatokwa machozi. Siri nikabaki nayo

Wiki tatu sasa mama yeyote akishikwa na uchungu mjomba anaitwa akanyage. Watoto sita! Mmoja kapewa jina lake!

Chumba hakina dirisha. Leo betri imeisha chaji mkunga akiwa katikati ya kumshona mzazi. Kamalizia na tochi ya simu. Mama mzima, mtoto mzima, lakini nusura niue mtu kwa utani

Nikafungua boksi, nikawaonyesha. Wakaitazama betri tu. Bora wangenizaba vibao

Mkunga: "Ndiyo maana chuo kilikushinda."


Mjomba akashuka kwenye baiskeli, jasho linamchuruzika, hakunitazama usoni. Nikajua leo nalaaniwa. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza:
"Mwanangu, walioko nje usiwaambie. Waache waamini ilikuwa miguu yangu."