Shimo la Upande wa Kaskazini

Montana,
9 Februari

Mpendwa dada Signe,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwa Mama, na kwamba goti lake limepata nafuu. Mimi kifua kinanisumbua, na usingizi umenihama. Theluji haijakatika tangu uondoke. Paa la nyumba yako nimeliondolea theluji mara mbili lisije likabonyea.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umesema hutakuja siku ya kutundika skii alizotelezea marehemu Rourke kwenye kibanda cha waokoaji, kwa kumbukumbu yake, kwa kuwa mume aliyeshindwa kupoteza dakika ishirini kuchimba shimo la kupima theluji hakukujali wewe. Nimeisoma hadi nimeikariri.

Hapa mjini maneno ni hayo hayo. Juzi mkahawani, Lundquist wa duka la skii aliuliza kwa sauti ni mkongwe gani anayeingia mteremko ule bila kuchimba kwanza aone tabaka za theluji za chini. Mwenzake akadakia, "Rourke bwana! Mlima aliuona wa babake." Wakacheka, wakaniona, wakageukia habari za hoki. Nilimaliza kahawa yangu nikatoka. Tena mimi ndiye niliyeandika kwenye ripoti ya ajali kwamba juu hapakuonekana shimo lolote. Ni kweli, halikuwepo.

Signe, sasa nisikilize. Alhamisi ile, siku moja kabla ya poromoko la theluji kumfunika Rourke, nilitumwa na kikosi chetu cha waokoaji kupima theluji ya upande wa kaskazini, ule usioona jua. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na kupanda ni mwendo wa saa mbili. Nikaona uvivu. Nilichimba hatua arobaini kutoka garini, upande wa jua. Nikaweka beleshi juu ya nguzo ya theluji niliyoikata shimoni, nikaligonga kwa kiganja, kwa kiwiko, kisha kwa bega, kama tunavyopima siku zote. Haikukatika. Nikajaza fomu kwamba nimechimba kaskazini na theluji imeshikana.

Ijumaa asubuhi Rourke alinipigia simu akiwa tayari juu, beleshi mkononi. Aliniita mvivu kwa utani wake ule, kisha akaniuliza, "Shemeji, hapa umechimba kweli, au nichimbe mwenyewe?"

Nilimwambia nimechimba. Nikamwambia asijisumbue.

Akacheka, akasema basi leo atawahi kurudi kula nyumbani. Tulipomfukua jioni nilipitisha mkono chini ya lile tabaka gumu la theluji lililokatika. Theluji yote ya chini yake ilikuwa punje kavu, kama sukari. Ningechimba hapo, nguzo ingekatika kwa pigo la kiganja tu.

Kwa hiyo hakukudharau, dada. Aliniamini mimi. Jumatano nitayasema haya mbele ya kikosi kizima, Lundquist akiwepo, na kazi nitaiacha. Nimetaka uyasikie kwanza kutoka kwangu. Msamaha siombi, maana sijui ningeanzia wapi. Ila skii zake zitatundikwa Jumamosi, na nafasi ya kuzishika ni yako. Kama hutaki kuniona nitakaa nje, hata uwanjani kwenye theluji.

Msalimie Mama, lakini usimsomee barua hii. Nitakuja kumwambia mwenyewe. Jifunike vizuri njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Halvor